Kioo cha Nyuma Kimelala Kitandani Kwangu

Baba na Dada,

Kioo cha nyuma cha gari kimelala kitandani kwangu, chini ya blanketi. Msikikalie! Na chai yangu mnifunikie.

Jana Baba alisema mikono ya mshairi itakivunja tu, tumngoje fundi aje kubadilisha mpira wa kuzunguka kioo unaovujisha maji ya mvua. "Ukikitoa kizima," akacheka, "nakuruhusu ughani shairi lako kwenye arusi ya dada yako." Basi asubuhi, Baba akiwa bado anakoroma, nimeulainisha mpira kwa maji ya sabuni, nikaubandua ukingo kwa mwiko wa Mama, kisha nikajilaza kwenye kiti cha nyuma na kukisukuma kioo taratibu kwa nyayo. Mama alikipokea nje kwa shuka, huku akinisema kwa sababu ya mwiko wake.

Kioo nimekitoa, kizima hakina ufa;
Baba ulonikosoa, sasa niletee sifa.

~~Baba, nisamehe kwa majigambo.~~ Hapana, nimeghairi. Siombi msamaha.

Nimekwenda kununua mpira mpya. Baba, usije ukajifanya umejikwaa ukakiangukia. Mama amekishika kizima kwa mikono yake, naye ndiye shahidi. Hata ukikikalia sasa hivi, arusini naghani.

Kitinda mimba wenu