Amekagua Njia kwa Kiyoyozi

Shikamoo Mjomba,

Mikumi leo jua kali, ila jana mvua ilinyesha, na nyama choma ya hapa ngumu kama tairi. Yule Saidi wako, uliyemfundisha mbio za pikipiki miaka yote hiyo hapo Kilosa, leo ameshindana kwa mara ya kwanza akiwa na timu mpya iliyomchukua kwako. Koti jipya, miwani, jina mgongoni! Wewe ulikuwa unamlazimisha aikague njia kwa miguu, tena peku, kabla ya kila shindano. Hawa wamemzungusha kwenye gari lenye kiyoyozi, vioo juu, anakunywa soda. Basi kona ya tatu tope likamlaza chali, na mkulima mmoja wa Msowero, mwenye pikipiki ya kubebea mahindi, akampita anacheka.

Kipaji anacho, sibishi. Lakini kwa watu hao atazeekea kwenye mabango.

Jioni nimemkuta peke yake pale konani, viatu mkononi, anakanyagakanyaga tope. "Dada, nifikishie shikamoo yangu kwa Mjomba." Nimekataa kuibeba. Ailete mwenyewe, kwa miguu.

Utunze huo mgongo, Mjomba wangu. Na akipiga hodi, usimfungulie upesi.

Mpwa wako,
Neema