Njoo Uniposee Tena

Hospitali ya Wilaya,
Mpanda.
2 Mei 1996

Kwako ndugu Alois,

Barua yako imenifikia ikiwa imelowa pembe moja kwa mvua ya njiani, lakini hakuna neno lililofutika. Nimefurahi kusoma kwamba wewe na shemeji Agatha hamjambo, na kwamba homa ya mtoto imepoa. Sisi huku tu wazima. Mwanangu Shadrack anatembea sasa, na amejifunza kukataa uji. Mimi nami sina ninalougua, isipokuwa nywele za utosini zimeamua kuondoka mapema.

Umeandika kwamba unakusanya habari za sisi tuliohitimu udaktari pamoja, ili zisomwe tutakapokutana Dar es Salaam mwezi wa Agosti: kila mmoja aeleze yuko wapi, anafanya kazi gani, ameoa au hajaoa, na amejaliwa watoto wangapi. Ni jambo jema, nami nitakujibu kwa utaratibu. Ila swali la mke nimeliweka mwisho. Usishangae. Wewe ndiye uliyekuwa mshenga wangu, kwa hiyo huwezi kukwepa jibu lake.

Kuhusu kazi, waambie wenzetu kwamba bado niko Mpanda na sijaomba uhamisho, wala sitaomba. Hapa mtu akiletwa na tumbo la kupasuliwa, daktari ni mimi au Zablon. Hakuna wa tatu. Jenereta ikigoma, muuguzi Tereza hushika tochi na kazi huendelea. Wapo watakaonihurumia. Wasinihurumie. Nilisomea kazi hii ili niifanye, na hapa naifanya.

Sasa nije kwenye familia. Unawakumbuka wakwe zangu: Mzee Masunga, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake, anayekaa nje ya mji kwa upande wa Ugalla, na mkewe. Unakumbuka pia sharti walilotupa siku ya posa, kwamba mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wewe ulinong'ona kwamba kwetu Mpimbwe heshima haifiki huko, nami nikakukanyaga mguu.

Sharti hilo nimelishika tangu siku ile. Nikimwona mama anakuja njiani, naingia majanini mpaka apite. Nikienda kwao, yeye hukaa nyuma ya ukuta wa jikoni na kunisalimu kutoka huko, nami huitikia nikiwa nimetazama zizi. Mama yangu mzazi, kama ujuavyo, alifariki kabla sijaanza shule. Mama niliyebaki naye alikuwa sauti tu.

Wiki iliyofuata Pasaka, Mzee Masunga alimleta mkewe kwa mkokoteni wa ng'ombe. Alikuwa na ngiri kwenye kinena, nayo ilikuwa imejibana; alikuwa anatapika tangu siku iliyotangulia, na tumbo lilikuwa limejaa. Wewe ni daktari, huhitaji maelezo. Utumbo ukibanwa namna hiyo, haungoji. Zablon alikuwa mkutanoni Sumbawanga na barabara ilikuwa tope tupu, na treni ya Tabora ilikuwa haijulikani itakuja lini. Nilikuwa peke yangu.

Walikuwa wamemlaza nyuma ya pazia. Alipoona viatu vyangu chini ya pazia alivitambua, akajifunika kanga uso mzima na kugeukia ukutani. Kisha akamwambia Tereza, kwa sauti iliyokusudiwa masikio yangu: “Mwambie mkwe wangu apite njia nyingine. Hapa nipo mimi.” Tereza alimweleza kwamba bila kupasuliwa atakufa. Yeye akajibu kwamba kufa watu wote hufa, lakini kuvuliwa nguo na mkwe hakujamtokea mtu wa ukoo wake, na si yeye atakayeanza.

Nilitoka nje kwa mzee. Alikuwa amesimama karibu na ng'ombe wake, na mke wangu Nyanzala kando yake amempakata Shadrack. Nilisema wazi kwamba jua likizama kabla sijampasua, sitakuwa na la kufanya. Sikujua atajibu nini. Aliniuliza kama ningempasua mwanamke yeyote mwenye ugonjwa huo. Nikasema ndiyo, yeyote. Akauliza tena: hata asiye mama mkwe wangu? Nikaudhika kidogo, nikamwambia kwamba hata ambaye sijui jina lake.

Ndipo alipomshika Nyanzala mkono. Alimwambia mbele yangu kwamba anamrudisha nyumbani kwake, yeye pamoja na mtoto, na kwamba tangu saa hiyo binti yake hana mume. Kisha akanigeukia na kuniita daktari, yeye ambaye tangu harusi hakuwahi kuniita ila mkwe. Akasema kwamba mgonjwa aliye ndani si mama mkwe wangu tena, na kwamba nikaze mwendo.

Nilidhani ni hila ya kumdanganya mgonjwa, nikaanza kupinga. Nikasema tumefunga ndoa kanisani, nayo haivunjiki. Mzee akajibu kwamba ya Padre Gelasius abaki nayo Padre. Yeye anavunja ile aliyoifunga mwenyewe. Nyanzala, machozi yakimtoka, akanikaripia: “Nyie mliosoma mnapenda mabishano! Kubali niachike, mama anakufa!” Nikamtazama mzee usoni na kuona kwamba hachezi. Alikuwa ananipoteza, na ilimuuma. Nikakubali.

Nyanzala akaingia kumpa mama yake habari. Niliporudi nyuma ya pazia, mama alikuwa ameiondoa kanga kwa mkono wake mwenyewe. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Ana macho ya Nyanzala. Akiwa katika maumivu yale, akasema: “Kumbe ni mfupi! Sauti yako ni ya mtu mrefu. Na kipara juu.” Tereza alilazimika kugeuka pembeni.

Utumbo ulikuwa bado hai. Niliurudisha, nikaziba tundu, nikashona. Yote yalikwenda salama.

Alipopata nguvu wodini, Alois, alianza kumsema mkwe wake kwangu, kana kwamba ni mtu mwingine. Kila asubuhi nilipokwenda kumtazama kidonda aliniambia kwamba bwana huyo ni mtu wa heshima, lakini amesikia kwamba hali ugali wa mtama. Kwamba huvaa miwani ya kusomea hata wakati wa kula. Kwamba humkaripia binti yake kwa sababu ya chumvi, kana kwamba chumvi ni dawa ya kupimwa. Nilijaribu kumtetea. Akaniuliza kama namfahamu sana. Nikasema kidogo. Akaniomba nikikutana naye nimfikishie maneno hayo, kwa kuwa yeye mwenyewe haruhusiwi kumwona.

Nyanzala naye alikuja kila siku na uji wa mama yake. Alinipigia goti na kusema shikamoo daktari, kisha akaondoka na mwanangu kwenda kwao. Mimi nilirudi nyumbani kwangu Kawajense kujipikia, na jirani yangu Natalia alikuwa akiuliza kutoka uani kwake kama chuo kikuu kimeunguza ugali tena.

Mzee nilimwendea nikitaka turudi kama tulivyokuwa, kwa neno moja, kama tulivyoachana. Alikataa. Alisema binti aliyerudishwa nyumbani hatoki kwa kuruka ukuta. Hutoka kwa kuposwa, na mshenga, mchana, watu wakiona. Ng'ombe wa mahari watabaki zizini mwake, kwani wao hawakuachana na mtu. Lakini posa ni posa.

Hapa nikiri jambo ambalo hata Tereza hajaambiwa. Nyuzi za kidonda zilikuwa tayari kutolewa mapema. Mimi, ninayewakemea wauguzi kwa kuchelewesha jambo dogo, nilizisogeza mbele siku hadi siku, nikisema kidonda kingojewe. Kidonda hakikuwa na neno. Nilijua kwamba nikishakuwa mkwe tena, uso ule utarudi nyuma ya ukuta wa jikoni.

Jana nilizitoa. Sikumwambia lolote, lakini wazee wanajua. Nilipokata uzi wa mwisho alinishika kifundo cha mkono, akanitazama kwa utulivu kuanzia kipara hadi kidevu, kama mtu anayefunga mzigo wa safari. Akasema: “Haya, mwanangu. Nimekuona, inatosha. Sasa lete mshenga wako.” Kisha akavuta kanga, akajifunika uso, akageukia ukutani. Nikatoka kwa kurudi nyuma, macho nimeyaelekeza sakafuni.

Basi, waandikie wenzetu kwamba mtoto ninaye, na kazi ninayo, na mke ninamposa. Wewe panda treni mara upatapo barua hii. Uje na koti lile lile la posa ya kwanza, na safari hii usinong'one.

Msalimu sana shemeji Agatha na watoto. Tereza na Zablon wanakusalimu. Mzee Masunga hakusalimu. Amesema atafanya hivyo utakapobisha hodi mlangoni kwake.

Ni mimi rafiki yako, mchumba wa Nyanzala,

Dkt. Damiano