Pole kwa Mama Namuli

Kisugu, Jumanne jioni



Mama Namuli, mwenye nyumba wangu, amefiwa na kaka yake. Tangu nivuke mpaka na kuhamia nchi hii kutoka Tanga sijawahi kumsemesha Kiswahili, maana wakati wa vita wanajeshi walimvunjia mlango wakifoka kwa lugha hiyo. Kwake mimi ni Kiingereza tu, tena Kiingereza safi, ndicho ninachofundishia.

Leo nikapiga magoti mkekani kama wanawake wa hapa, nikampa rambirambi kwa Kiingereza. Sentensi haikuwa na kosa hata moja, lakini masikioni mwangu ilisikika kama barua ya ofisini. Akaitikia kwa kichwa, hakunitazama. Miaka yote ile ya kusoma, halafu nashindwa kumfariji mfiwa!

Nikamshika mkono, na kabla sijajizuia yakanitoka: "Pole, mama. Pole sana."

Waombolezaji wote wakageuka kunitazama. Nikajua kesho natafuta chumba kingine.

Mama Namuli akainua uso. Akanijibu kwa Kiswahili, nami sikujua kwamba anakijua.

"Kumbe hii Kiswahili iko na pole? Wale askari hawakusema."