Bonde Katikati ya Grafu

Jumatatu, 16 Juni
Umeme ulipotea tena saa nne. Nikasahihisha madaftari ya kidato cha tatu mpaka uliporudi, kisha grafu. Mwezi wa tatu sasa. Vipimo vinatoka maabara ya ng'ambo, mimi navichambua hapa Garissa, mezani kwa Mama.

Fuwele ni ndogo kuliko punje ya mtama. Atomi zake zimepangika kama kikapu kilichosukwa: pembetatu zimeshikana pembe, katikati tundu la pande sita. Kwenye baridi kali elektroni hujipanga, na zikishajipanga ni vigumu kupita bila ukinzani. Ukiibana fuwele mpangilio unalegea, umeme unapita kwa urahisi zaidi. Ndivyo inavyotarajiwa.

Alhamisi, 19 Juni
Kuna bonde. Kadiri shinikizo linavyoongezeka, kiwango cha joto ambapo ukinzani hutoweka kinapanda, kinashuka, halafu kinapanda tena. Nimepiga hesabu mara tano. Fuwele tatu tofauti, bonde palepale. Mpangilio hauondoki tu, kwanza unabadilisha sura. Sijaona aliyeandika hili. Nimefurahi mpaka chai imepoa.

Ijumaa, 20 Juni
Abti amekuja kula baada ya swala. Ni kaka yake Mama, na ndiye msimamizi wa tasnifu yangu. Mama huona ni baraka. Nimemwonyesha bonde. Ameangalia dakika mbili, vidole vina mafuta ya nyama ya ngamia.

"Toa hizo bointi, abti. Fipimo fimekosea. Watu watatucheka."

Tunaitana hivyo, mjomba na mpwa, neno moja. Nilikuwa na majibu matatu. Mama alikuwa akinitazama. Angekuwa mwalimu tu ningembishia. Mjomba habishiwi, tena akiwa kwenye sahani. Nimesema sawa.

Jumamosi, 21 Juni
Nimezitoa. Pointi sita. Mstari umenyooka vizuri.

Najichukia.

Jumanne, 2 Septemba
Wametoa makala. Kundi jingine la ng'ambo, siwajui. Bonde langu, palepale, na maelezo yaleyale ya mpangilio kubadilika sura. Makala yetu iko mtandaoni tangu Julai, ina mstari ulionyooka na jina langu mwanzoni. Kila atakayeisoma atasema huyu alikuwa na vipimo na hakuona kitu.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia.

Ijumaa, 5 Septemba
Abti amekuja kula. Amemwambia Mama wale watu wana mashine nzuri, wametupita kidogo tu. Alisema akiangalia sahani. Anajua.

Daftari langu la Juni lilikuwa kwenye rafu nyuma yake, pointi zote sita, na tarehe. Ningenyoosha mkono tu.

Mama akauliza mbona simwongezei mjomba chai. Nimemwongezea. Sukari vijiko vitatu, anavyopenda.