Helmeti Haivuliwi Tena Barazani

Baba Swaleh, mume wangu,

Najua huko uliko huna haja ya habari za Mtopanga, lakini wewe ulikuwa mtu wa umbea, na hili nikilinyamazia sitapata raha. Swaleh ameanza kuendesha bodaboda. Haya, nimesema.

Usidhani nilikubali kirahisi. Alipokuja na leseni mkononi nilimpa mgongo, nikaendelea kukaanga viazi kama sikumsikia. Akaniambia, "Mama, mimi si Baba." Nilitamani kumpiga mwiko. Kisha nikaingia ndani nikalia, kwa sababu kwa kila kitu yeye ni wewe: mwendo wako, kicheko chako, na ile heshima yako iliyopitiliza.

Heshima hiyo ndiyo niliyoiogopa. Unakumbuka ulivyokuwa ukinipeleka sokoni Kongowea? Nimevaa helmeti ya abiria juu ya mtandio, nakunung'unikia kwamba inanuka jasho la mji mzima, nawe wanijibu, "Sheria yasema helmeti mbili, bibi, haikusema zinukie." Tukifika msikitini, wazee wanapokaa barazani, ulipunguza mwendo, ukaishika helmeti yako kwa mkono mmoja, ukaivua kabisa. "Shikamooni, wazee wangu!" Kisha ukairudisha kichwani bila kuifunga. Kwenda ulivua, kurudi ulivua. Nilipokuuliza kwa nini hufungi ukanda, ulisema, "Nitamwamkiaje mtu mzima na uso nimeuficha? Watasema mke wangu kaniharibu." Nikakufinya mbavu. Polisi nao hawakuwahi kukusimamisha. Helmeti waliiona kichwani, na ukanda wa chini ya kidevu hakuna aliyeuangalia.

Siku ile ulikuwa umetoka kuwaamkia. Karibu na barabara kubwa tuktuk ikakukatia mbele, ukaanguka, na helmeti ikakutoka kabla kichwa hakijafika chini. Waliniletea nyumbani ikiwa nzima, haina hata mkwaruzo. Niliikasirikia kuliko nilivyomkasirikia dereva wa tuktuk, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Basi wiki ya kwanza ya Swaleh nilisimama mlangoni nikimtazama. Akafika msikitini, akapunguza mwendo. Mkono ukapanda, akavua. Aliporudi tuligombana, naye akashikilia lile lile: "Mama, wazee watanionaje?"

Nikajitanda, nikajaza sahani viazi karai, nikaenda barazani mwenyewe baada ya sala ya alasiri. Mimi, peke yangu, mbele ya wanaume wote wale. Nikawaamkia, nikaweka sahani. Nikawaambia kwamba mume wangu alikuwa akiuacha ukanda wazi kila siku ili awavulie helmeti, kwamba mwanangu sasa anafanya vivyo hivyo, na kwamba naomba, wallahi, wampe ruhusa awapite uso umefunikwa.

Wakatazamana. Mzee Athumani, yule mkubwa wao uliyekuwa ukimwogopa, akasema polepole, "Mama Swaleh, sisi twalidhani yuasikia joto."

Nilicheka. Nikalia, nikacheka tena, mpaka wazee wa watu wakakosa pa kutazama. Miaka yote ile, mume wangu! Hakuna hata mmoja aliyekuwa akikudai heshima hiyo. Ungekuwa karibu ningekufinya mpaka uombe msamaha.

Kesho yake Mzee Athumani aliwaita Swaleh na wenzake wa steji. "Pigeni honi mpite," akawaambia. "Nyuso zenu twazijua. Atakayevua hapa, salamu yake siitikii." Tangu hapo baraza limekuwa kituo cha trafiki. Dereva akipita ukanda unaning'inia, wazee wanamnyooshea bakora: "Funga, babangu!" Kuna siku walimzuia kijana wa Frere Town mpaka abiria wake, mwanamke aliyetoka kusukwa nywele, akakubali kuvaa helmeti yake. Alinuna, lakini alivaa na kuifunga. Ungewaona ungefurahi, na ungeona haya kidogo.

Sijazoea kutokuwepo kwako, na sidhani kama nitazoea. Ulipoondoka nilidhani nimekwisha kabisa. Mtu wetu yeyote akiwa barabarani nilikuwa sikai, sili, nikisikia kelele njiani natoka mbio na leso begani.

Juzi mchana Swaleh alipeleka abiria Magogoni, akakawia. Nikajinyoosha mkekani kumsubiri. Aliponigusa bega alikuwa amekwisha oga, amekwisha kula, na mimi nilikuwa nimelala fofofo.

Nawe lala kwa amani, mpenzi wangu.

Mkeo,
Mama Swaleh