Rungu la Pamba na Rungu la Mti

Nyumbani kwa Bi. Kessel,
Edendale, California.
9 Novemba 1919

Mpendwa mdogo wangu Malachy,

Hujambo? Kifua je, bado kinakukereketa kwa baridi ya huko Montana? Na ule mguu ulioumia mgodini, umepona, au ndio unachechemea mpaka leo? Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ukiziacha mbavu mbili zilizopasuka na jino la mbele ambalo sijui liko wapi. Zamani ningekuambia ndiyo kazi yangu ilivyo, usishtuke. Safari hii haikuwa kazi. Nitakueleza.

Barua yako niliipata Alhamisi. Niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena, kisha nikaipiga teke ndoo ya mwenye nyumba. Malachy! Wewe, mtoto wa Cormac Tuohy, aliyevunjwa taya na walinzi wa mgodi mbele ya mlango wetu, leo umevaa kofia yao na kushika rungu lao? Unaniambia kazi ni kazi, na kwamba kwa mguu ule chini ya ardhi hurudi tena. Nimekuelewa. Hasira haijanitoka, lakini nimekuelewa.

Halafu ukanitania: eti dada anakula kwa kuwatwanga polisi kwa kikaango, nami nakula kwa kuwa polisi, tofauti iko wapi? Ukauliza tena kwa nini katika sinema zetu polisi ni majuha siku zote. Nitakujibu. Usiitupe barua jikoni kabla hujaimaliza, nakujua ulivyo.

Fikiri kwanza nani anajaa kwenye zile kumbi Jumamosi. Ni wafua vyuma, madobi, wachimba migodi kama wewe ulivyokuwa, Wapolandi na Waitalia walioshuka melini juzi na hata kusoma hawajui. Wiki nzima wamesukumwa na msimamizi, mwenye nyumba na polisi wa kona. Jumamosi wanalipa senti zao wamwone tajiri akikalia keki na polisi ishirini wakiporomoka ngazi. Nikimtwanga sajini kichwani, mama fulani huko Pittsburgh anamtwanga pamoja nami. Kile ni kisasi, mdogo wangu, kisasi ambacho hakikupeleki jela. Bwana Pruett, mwongozaji wetu, hataki kabisa kusikia hivyo. Kwake siasa haiuzi, mtu akianguka matako chini ndiko kunakouza. Mjinga yule hajui hata anachouza.

Na kupigana kwetu kuna sheria. Marungu yetu ni turubai lililojazwa pamba, chupa zetu ni za sukari, viti vimekatwa miguu nusu tayari. Na juu ya yote hayo, anayepigwa ndiye anayeamuru. Akiwa tayari anakanyaga chini mara mbili, kisha anakonyeza. Kabla ya hapo humgusi, hata akiwa mkweo.

Aliyenifundisha ni Ansgar Holm, Msweden, mwanasarakasi wa zamani, miaka hamsini na miwili. Mara ya kwanza nilimpiga kama namgusa tu. Akanitazama akaniuliza, "We mama, unanipiga au unanipangusa vumbi?" Nikampiga la pili mpaka pamba zikatoka. Malachy, tulikuwa tuoane Krismasi hii. Sikukuandikia kwa sababu nilitaka uje umwone mwenyewe.

Wiki tatu zilizopita madereva wa tramu wa San Ramiro waligoma. Sisi tuna tabia moja ya kijambazi: pakiwa na gwaride, au moto, au mazishi ya mkubwa, Bwana Pruett hutupakia kwenye lori pamoja na kamera, turuke katikati tuigize haraka haraka kabla hatujafukuzwa. Umati huo haumgharimu kitu. Akasikia wagomaji ni mia nne, akapagawa. Ansgar akavaa udereva wa tramu. Watu sita wakavaa upolisi, wawili kati yao wageni waliookotwa mlangoni asubuhi ileile. Polisi amkimbize Ansgar, ampige, Ansgar aangukie chini ya tramu, abingirike, atokee upande wa pili, nami nimalizane na polisi kwa kikaango. Basi.

Nilimwambia Ansgar sipendi, watu watatuchanganya na polisi wa kweli. "Honora," akasema, "mimi hata mama yangu alinichanganya na kaka yangu." Nikacheka. Ndivyo alivyokuwa, hukai na hasira mbele yake.

Wagomaji hawakuona waigizaji. Waliona kofia sita zikishuka kwenye lori. Tofali la kwanza lilimpata mwenzetu mdomoni. Wa pili walimwangusha, wakamkanyaga, naye analia, "Mimi mwigizaji! Mimi mwigizaji jamani!" Nani amsikilize? Hapo ndipo polisi wenyewe walipotokea nyuma ya banda la tramu, wengine juu ya farasi. Farasi walipita juu ya watu. Nilimwona mwanamke akiburutwa kwa nywele juu ya reli, na mzee mmoja amepiga magoti anatema damu ndani ya kofia yake. Mimi nilipigwa kitako cha bunduki ubavuni, nikaanguka, nikapigwa teke la mdomo. Kikaango changu cha bati nilikirusha usoni mwa mmoja, kikakunjika chote.

Kamera ilikuwa inazunguka. Kwetu haisimami mpaka Bwana Pruett aseme.

Ansgar alikuwa pale pale alipopangiwa, kwenye alama ya chaki. Polisi kijana akamjia mbio, rungu juu. Ansgar hakumjua sura, akadhani ni mmoja wa wale wageni wawili wa asubuhi. Angeweza kukimbia, Malachy! Miguu ile ingemshinda farasi. Badala yake akakanyaga chini mara mbili, akamkonyeza, akashusha mikono na kumtolea kichwa.

Mlio wa lile pigo sitakuandikia. Alianguka chini ya tramu vizuri kabisa, na Bwana Pruett akapaza sauti, "Safi! Safi sana!" Wenzetu waliobaki kwenye lori wakapiga makofi. Tukamngoja atokee upande wa pili.

Nilimvuta mimi, nimemshika miguu. Alifia kwenye lori, kichwa kikiwa mapajani mwangu.

Siku ya nne yule polisi alikuja hapa kwa Bi. Kessel. Scully, miaka ishirini na miwili, baba yake ametoka Clare, kule ng'ambo, kama wetu. Nilimzaba kofi kabla hajafungua mdomo, nikamzaba la pili, hakuinua mkono. "Mama, alinikonyeza," akasema. "Nikadhani ananidharau. Na sajini yuko nyuma yangu anaangalia." Kofia ile alikuwa ameivaa siku kumi na tisa tu. Nikamfungia mlango.

Bwana Pruett ile picha hakuitupa. Ameipachika katikati ya vichekesho vyake. Niliposikia, nilimvunjia kichwani ile pembe yake ya kupigia kelele, ikatoka damu ya kweli, nikaacha kazi.

Jana nilikwenda kuiona. Nilikaa nyuma, nia yangu nisimame niwaambie watu, mnacheka nini, huyu amekufa. Ukumbi umejaa, watu wanapiga viti kwa vicheko. Ansgar akakonyeza. Rungu likashuka. Picha haina sauti, unajua, husikii kitu ila kinanda. Akaanguka kama alivyoanguka mbele yangu mara mia, nami nikacheka. Nilicheka kwa sauti, mdogo wangu, mimi niliyeusikia ule mlio kwa masikio yangu. Kisha nikatapika ndani ya mkoba.

Uliuliza tofauti. Mimi niliyekuwapo imenipotea nikiwa nimekaa kitini. Wewe mwenye rungu mkononi, na sajini mgongoni, utaiona saa ngapi?

Sikuambii ufe njaa. Sasa nashona nguo za waigizaji mahali pengine, na fundi mkuu wa hapo anatafuta mtu wa kupaka rangi kuta za turubai. Unapaka umekaa. Njoo.

Nisalimie shangazi Bridie, mwambie sweta imenitosha. Msalimie Nuala, na mzee Pascoe jirani, na usimwoneshe barua hii, ana moyo dhaifu.

Kila usiku nakuombea. Namwomba Mungu auvunje mkono wako wa kulia, uvunjike salama, kabla haujamshukia mtu.

Dada yako akupendaye,
Honora