Kome na Yule Mnyama Mvivu

Gorong'a,
Tarime.
9 Agosti 2009

Mpendwa mjukuu wangu Mokami,

Marahaba ya shikamoo zako. Mtwara kunasemaje? Mumeo Simioni amepona malaria? Mimi mzima, goti tu linanisumbua, na hasira.

Zile picha za wanyama ulizochorea darasani zilifika, na barua yako. Nilicheka, nikazibandika ukutani. Uliandika kome, yule wa gamba la baharini, ni kaka yako Waitara, hafungui mdomo. Na yule mnyama wa Amerika anayening'inia mtini kutwa, eti ndugu yenu Nchagwa, kwa uvivu. Sasa sicheki.

Jumanne nikiwa shambani, watu watatu wa machimbo ya Nyamongo waliingia bomani kwetu na mapanga. Walikuwa wakichimba na Waitara, akawatoroka na kiroba cha mawe ya dhahabu. Walimkata sikio, wakamvunja meno. "Mawe yako wapi, mbwa wewe?" Kimya. Nilikuta damu mpaka kwenye mafiga. Nikapiga yowe, wanaume wakawakimbiza hadi mtoni.

Nchagwa hakuonekana. Unajua asiyeitikia yowe anavyofanywa. Vijana wa rika lake walimkuta amelala nyuma ya zizi, mkono umevunjika, wakamchapa bila kuuliza. "Amka, bibi harusi!"

Ngumi yake niliifumbua mimi. Ndani mlikuwa na mkono wa shati la mtu, umelowa damu. Nchagwa aliniambia yote: panga lilikuwa linashuka shingoni mwa Waitara, yeye akamdaka mwenye panga mkono, wakamponda kwa rungu hadi nyuma ya zizi, naye asiachie. Si uliandika mwenyewe kwamba yule mnyama hata akifa kucha haziachii tawi? Mbona hukusema hiyo ni sifa? Mwalimu mzima!

Jumamosi wazee wanamhukumu Nchagwa kwa woga. Akishindwa, hakai tena penye wanaume. Shahidi wake ni Waitara peke yake, na amejifunga mdomo, maana akisema ya panga atasema na ya mawe. Nimemzaba makofi juu ya jeraha, bure!

Uliandika kome hufunguka kwa maji ya moto. Haya. Kiroba nimekipata ghalani, chini ya mtama wangu. Wanawake hatusemi mbele ya baraza lile, na sitasema. Nitakimwaga miguuni pa wazee, niweke na ule mkono wa shati juu yake, nimtazame Waitara. Tuone atakuwa anaficha nini tena.

Msalimu Simioni, na Tabitha mdogo umbusu. Mungu awafunike.

Picha ya kome nimeibandua. Ile nyingine inabaki ukutani.

Bibi yako anayekupenda hata akifoka,
Rhobi